Kabla ya Kumpokea Mtoto wa Mbwa, Ulizeni Kwao

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na usafi wa maji. Safari hii twapenda kuzungumza juu ya mbwa. Wapo watakaosema kwamba mambo ya mbwa yanamhusu bwana mifugo, siyo ukurasa wa afya. Lakini mbwa analala mlangoni petu, watoto wanacheza naye mchana kutwa, anaramba vyombo vilivyoachwa uani, na magonjwa yake hayajui kwamba wizara ya mifugo ni moja na wizara ya afya ni nyingine.

Hatutasema mengi juu ya kumlisha wala kumfunga. Twataka kuzungumzia jambo linalotangulia hayo yote, ambalo familia nyingi hulimaliza kwa dakika tano: mbwa huyo atoke wapi? Maoni yetu tunayasema waziwazi, ili asiyekubaliana nasi ajue anapinga nini. Familia isimpokee mtoto wa mbwa ambaye haijamwona mama yake wala haijui nyumba alikozaliwa. Awe wa bure au wa kununua, awe wa kienyeji au wa Kizungu, kanuni ni ile ile.

Wa barabarani

Karibu kila mji mkubwa katika nchi zetu una mahali ambapo vijana husimama kandokando ya barabara wakiwa na watoto wa mbwa. Mmoja amekumbatiwa kifuani, wengine watatu wamo ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Magari yakisimama kwenye foleni, kijana humnyanyua yule aliye mnene kuliko wenzake na kumsogeza dirishani. Mazungumzo yanayofuata tunayajua sote.

"Mzee, chukua huyu, Mjerumani mtupu. Nakufanyia bei ya asubuhi."

"Ameshachanjwa?"

"Zote, mzee wangu. Zote kabisa."

"Cheti chake kiko wapi?"

"Cheti kipo nyumbani, mzee. Nipe namba yako nitakutumia."

Wakati huo mtoto aliyeketi kiti cha nyuma ameshampa jina, na mama, aliyekuwa na neno la kusema, anaona heri anyamaze.

Hatuna ugomvi na kijana yule. Anatafuta riziki kama wengine, na pengine mbwa hao ameletewa na mtu asiyemjua vizuri. Lakini tupime alichosema. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa yanayowaua watoto wa mbwa kwa wingi, huanza karibu na juma la sita na hurudiwa mara kadhaa. Yule wa boksini ana majuma matano au sita tu. Hiyo "zote kabisa" haiwezekani. Ama hakuchanjwa, ama alichomwa kitu na mtu asiyejua anachofanya. Na hapo hatujauliza dawa yenyewe ilikaa wapi, maana chanjo hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, siyo mfukoni mwa koti.

Umri wake msiuchukue kwa maneno, tazameni kinywani. Meno ya utoto ya mbwa hukamilika kutoka kati ya juma la sita na la nane. Asiye na magego nyuma bado ni mnyonyaji. Tunasisitiza majuma manane kwa sababu mbili. Kwanza ni maziwa ya mama. Pili, na hili wengi hawalijui, mtoto wa mbwa hujifunza kuuma akiwa na mama yake na ndugu zake. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha mchezo, au hulipiza. Kwa njia hiyo hujua kipimo. Aliyetolewa mapema hukosa somo hilo, na anayekuja kulilipia ni mtoto wenu mdogo kwa vidole na mashavu yake.

Kwa nini tunang'ang'ania mama yake

Mtoto wa mbwa hana historia yake mwenyewe. Historia yake ni ya mama yake. Mama akiwa amechanjwa na kadi yake ipo, mna sababu ya kuamini kwamba hakuwaletea watoto wake kichaa, na kwamba amewagawia kinga kidogo kwa maziwa ya siku za mwanzo. Mama akiwa hajulikani, mnapokea fumbo.

Ubaya wa fumbo hilo ni kwamba linachukua muda kufumbuka. Mbwa aliyeng'atwa na mwenzake mwenye kichaa haonyeshi kitu siku ile wala juma lile. Aghalabu hupita majuma matatu hadi manane, na pengine miezi kadhaa, kabla ya dalili kutokea. Katika muda huo anakula, anatikisa mkia, anakimbilia mpira. Mnunuzi anasema, "Mbona yuko mzima!" Naam, yuko mzima kwa macho.

Kisha siku moja anabadilika. Anakataa chakula, sauti inakuwa ya ajabu, mate yanamchuruzika, anatafuna mbao na mawe, au pengine analegea taya tu na kujificha mahali penye giza. Watu wengi wanadhani kichaa ni lazima mbwa akimbie barabarani akimvamia kila mtu. Kwa hiyo wakimwona mdogo wao amelegea taya na kutoa udenda, husema amekwamwa na mfupa. Baba nanihii anakunja shati na kuingiza mkono kinywani mwa mbwa kuutafuta mfupa ambao haupo. Mate ya mbwa yanaingia kwenye mikwaruzo ya vidole, na ugonjwa umeshapata njia. Wazazi wapendwa, mbwa aliyelegea taya asiguswe kinywani na mtu wa nyumbani kwa hali yoyote. Afungiwe, aitwe daktari wa mifugo.

Kwa binadamu ugonjwa huu kwa kawaida hukaa kimya miezi miwili au mitatu. Huweza kuwa juma moja, huweza kufika mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumponya mgonjwa, na karibu wote hufa. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2002 yalifikia vifo kama 1,500 kwa mwaka, yaani hadi mara 100 ya vilivyokuwa vikiandikwa rasmi. Vilivyobaki vilitokea nyumbani, vikaitwa degedege, malaria ya kichwani au kurogwa. Na katika kila watu 100 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wapatao 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hiyo ndiyo sababu jambo hili limeingia katika ukurasa wetu. Mbwa huletwa nyumbani kwa ajili ya mtoto, na mtoto ndiye wa kwanza kuumia.

Aliyebebwa kutoka mbali

Tunakwenda vijijini kwa Krismasi, tunarudi mjini na maharage, mkungu wa ndizi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu chini ya kiti cha basi. Wengine hufanya kinyume, humpeleka mbwa wa mjini akalinde shamba la babu. Twaona ni zawadi tu ya ukoo. Lakini kwa namna hiyo ugonjwa unasafiri kuliko ambavyo mbwa angeweza kwa miguu yake.

Mfano bora tunao karibu, katika kisiwa cha Pemba. Huko kichaa kilikuwa kikisumbua tangu mwaka 2010. Mbwa wakaanza kuchanjwa kisiwa kizima kila mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Watu wakastarehe, chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa kikarudi. Wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe waligundua kwamba havikuwa mabaki ya vile vya zamani. Viliingia kutoka nje ya kisiwa, tena mara mbili. Bahari ya Pemba mbwa haivuki kwa kuogelea. Ilibidi kuchanja upya kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ugonjwa ukakomeshwa tena.

Kisa kingine ni cha mbali zaidi, katika kisiwa cha Flores huko Indonesia, ambako wakazi walio wengi ni Wakatoliki kama sisi. Flores haikuwahi kuwa na kichaa cha mbwa. Septemba 1997 waliingizwa mbwa watatu kutoka Sulawesi. Watatu tu. Wenye mamlaka walishtuka na kuamuru mbwa wauawe kwa maelfu, lakini ugonjwa haukukoma, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Visa hivi viwili vina mambo mawili ya kutufundisha. La kwanza ni lile tulilokwisha kusema: mbwa mmoja asiyejulikana kwao anaweza kuleta balaa kwa watu wasiomjua kabisa. La pili ni kwa viongozi wa mitaa na vijiji wanaodhani dawa ya kichaa ni risasi na sumu. Siyo. Katika Wilaya ya Serengeti, kampeni ya kuchanja mbwa vijijini ilianza Oktoba 1996. Baada ya awamu ya kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Mbwa hawakuuawa, walichanjwa. Wataalamu husema wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita.

Basi atoke wapi?

Kwanza kabisa, kwa jirani. Hatuoni aibu kusema kwamba mahali bora pa kupata mbwa ni nyumba ya tatu kutoka kwenu. Mama yake mnamwona kila siku. Mnajua kama anabweka usiku, kama anang'ata watoto wa watu, kama hufungwa au huachwa azurure jalalani. Mnaweza kwenda mapema, hata kabla watoto hawajafumbua macho, mkamwambia mwenye nyumba: "Mama, huyu mwenye doa tuwekee, lakini tutakuja kumchukua akitimiza miezi miwili." Katika muda huo mwombeni awape watoto dawa ya minyoo, na nyinyi mchangie gharama. Huo ndio ununuzi wa haki hata kama hakuna bei iliyotajwa. Na ombeni kuiona kadi ya chanjo ya mama. Jirani mwema hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, mmepata jibu.

Pili, mwulizeni bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yenu. Wengi humwona kama mtu wa ng'ombe na kuku tu. Kumbe ndiye anayejua ni nani amechanja mbwa wake mwaka huu, na ni jike lipi limezaa. Yeye hana biashara ya kumsifia mbwa, kwa hiyo neno lake lina uzito.

Tatu ni vituo vya kuhifadhi wanyama waliotupwa au kuteswa. Nairobi kuna chama cha siku nyingi kinachojulikana kama KSPCA, na Arusha kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Faida ya vituo kama hivi ni kwamba mbwa amekwisha kuonwa na daktari, na kwa kawaida amechanjwa na kufungwa kizazi kabla ya kutolewa. Watawauliza maswali: mna uzio, nani atabaki naye, mmewahi kufuga? Wengine huudhika, "Mbwa wa bure, maswali ya viza!" Sisi twaona anayeuliza ndiye anayejali.

Hapo kituoni mtakuta zaidi mbwa wakubwa, na tungependa kuwatetea. Kila mtu anataka mtoto wa mbwa. Lakini mtoto wa mbwa ni kama kununua mbegu bila kuiona miche: hamjui atakuwa mkubwa kiasi gani, mpole au mkali. Mbwa wa miaka miwili mnamwona alivyo. Kwa nyumba yenye bibi mzee na watoto wadogo, mbwa mzima mpole aliyechanjwa anafaa kuliko mtoto mchangamfu anayeuma kila kitu. Na atawazoea, mbwa hana kinyongo cha muda mrefu na mtu anayemlisha.

Nne, wafugaji wa mbwa wa ukoo. Hawa wapo wema na wapo wachuuzi tu. Mfugaji mwema hukubali mfike kwake, mwone banda, mwone mama na kama yupo baba, na hukubali kumpokea mbwa tena mkishindwa naye. Anayetaka mkutane kituo cha mafuta, mwacheni. Kuhusu hao Wajerumani, tuseme ukweli ulivyo: wana manyoya mazito kwa joto la Pwani, wanakula sana, na aina hiyo inajulikana kwa matatizo ya nyonga. Kwa ulinzi wa nyumba ya kawaida mbwa wa kienyeji anatosha kabisa. Mwizi akisikia anabwekewa gizani hasimami kuuliza kabila la mbwa.

Tuongeze jambo moja upesi. Wapo wanaookota porini na kufuga nguchiro, kicheche au mtoto wa tumbili. Msifanye hivyo. Wanyama wa porini nao huweza kuwa na kichaa, hakuna mama wa kumwona wala kadi ya kuuliza, na Tanzania Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumweka mnyamapori bila kibali.

Wiki za kwanza nyumbani

Mkishampata, siku ya kwanza au ya pili apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tumbo lililovimba kama ngoma siyo unono, ni minyoo. Karibu kila mtoto wa mbwa anayo, kwa sababu humpata tangu tumboni mwa mama na katika maziwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa mchangani, na mtoto anayecheza uani huyameza kwa vidole. Kwa binadamu viluwiluwi vya minyoo hii hutangatanga mwilini na huweza kufika hata kwenye jicho. Dawa ni rahisi: mbwa anyweshwe dawa ya minyoo tangu akiwa na majuma mawili, irudiwe kila baada ya majuma mawili hadi aachishwe ziwa, na baadaye kwa ratiba ya daktari. Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye, kabla ya kugusa ugali.

Msimpe matumbo wala mapafu mabichi siku mnapochinja mbuzi. Yapo maradhi ya uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, yanayotokana na tegu mdogo wa mbwa, ambayo yamewatesa sana ndugu zetu wafugaji, hasa Waturkana wa Kenya. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula viungo vibichi vyenye uvimbe, na binadamu humeza mayai yake kutoka kwa mbwa. Chemsheni kwanza, au fukieni.

Akitimiza miezi mitatu, chanjo ya kichaa, na baada ya hapo kila mwaka. Ikitangazwa kampeni ya chanjo kijijini kwenu akiwa bado mdogo, mpelekeni hivyo hivyo. Wengi huwaacha wadogo nyumbani wakidhani hawaruhusiwi, lakini imethibitishwa kwamba nao hupata kinga. Kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Familia ambayo inaona haiwezi kumpeleka mbwa kwenye chanjo mara moja kwa mwaka, twaishauri kwa upendo isichukue mbwa kwa sasa. Tunajua hali ya maisha. Lakini gharama ya chanjo ya mbwa ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kumtibu mtoto aliyeng'atwa, ambaye atahitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, pamoja na nauli, maana zahanati ndogo mara nyingi hazina dawa hiyo na inabidi kwenda hospitali ya wilaya au mkoa.

Na mtu aking'atwa, au akikwaruzwa, au akirambwa penye kidonda na mbwa asiyeaminika, awe wa nyumbani au wa njiani, aoshwe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazameni saa, dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyodhani. Msiweke pilipili, majivu, mafuta ya taa wala mizizi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote amalize hata akijisikia mzima. Mbwa akionekana mzima na anakamatika, afungwe na kuangaliwa siku 10 chini ya bwana mifugo. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipong'ata. Lakini msisubiri siku 10 ndipo muanze sindano.

Jike ambalo hakuna anayelitaka

Limebaki jambo moja ambalo linatusikitisha kuliko mengine. Jike likizaa watoto saba, madume manne huchukuliwa na majirani kwa juma moja. Majike matatu hayana mtu. "Jike litatujazia nyumba," husema kila mmoja. Basi hutiwa kwenye kiroba na kutupwa usiku karibu na soko, machinjio au ukingo wa mto. Wengi hufa kwa njaa. Wanaopona hukua jalalani bila chanjo, huzaa, na watoto wao ndio hao wanaookotwa na kuingia kwenye boksi la kandokando ya barabara. Tunaomba tuone mnyororo ulivyo: mbwa asiyejulikana kwao anayeuzwa mjini ameanzia kwenye kiroba cha mtu fulani mwenye heshima zake. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ukatili wa namna hii hauruhusiwi.

Jike ni mlinzi mzuri sawa na dume, tena mara nyingi halizururi sana kama dume linalofuata majike ya mtaa mzima. Hofu ya kuzaa inatibika: daktari wa mifugo humfunga kizazi kwa upasuaji wa siku moja, na dume huhasiwa. Watu wa mtaa mmoja wakijikusanya mbwa watano au sita na kumwita daktari aje kwa pamoja, nauli yake huigawana.

Kwa hiyo wewe uliye na jike lililozaa mwezi huu, waache watoto kwa mama yao majuma manane. Wape dawa ya minyoo. Anayekuja kuchukua mwulize atamlaza wapi, nani atamlisha watu wakienda shamba, na ni mwezi gani atampeleka chanjo. Andika jina lake kwenye daftari, na akipita mwaka mwulize. Majike yakikosa mtu, usiwahi kiroba. Mwambie bwana mifugo, atangaze na mwenyekiti wa mtaa, na kabla jike lako halijashika mimba nyingine lifungwe kizazi.